Yatokanayo

Akidi ilitimia saa nne na robo.
Mimi ndiye mwandishi wa mihtasari, meza ya pembeni,
chini ya feni isiyozunguka.
Ajenda namba tano: uzoaji wa taka za majumbani.

Mheshimiwa Kilewo akasimama, akafunga kifungo cha koti.
Malori ni mawili, akasema, moja limelala gereji tangu Pasaka,
na hili jingine likifika Pasua halifiki Njoro,
likifika Njoro dereva anaimba dizeli.
Nikaandika: Mjumbe alieleza changamoto za vifaa.

Mwingine akauliza mbona ada ya elfu mbili
inatufuata mlango kwa mlango, hata Jumapili watu wakitoka ibadani,
ila taka zenyewe zinasubiri getini
kama mwalimu anayesubiri barua ya uhamisho.
Ukumbi ukacheka.
Kicheko hakiingii kwenye muhtasari.

Ndipo Mheshimiwa Apaikunda, viti maalumu,
akasema zaidi ya nusu ya mzigo wa lori ni chakula cha migomba:
maganda, machicha ya mbege, majani ya maboga,
"tunanunua dizeli kusafirisha maji ya maganda."
Kila kaya ichimbe shimo. Asiye na shimo, ndoo iliyotobolewa.
"Mboji," akasema, akakaa.

Mheshimiwa Mrutu hakukaa.
Na panya watakuwa wa nani? Nzi je?
Na mpangaji wa chumba kimoja, jiko liko koridoni,
achimbe wapi, uvunguni?
Swali zuri. Hilo nililiandika lote.
Mimi mwenyewe ni mpangaji.

Mama yangu, kule Kibosho, hakuwa na pipa.
Alichomenya kilikwenda kwa ng'ombe,
ng'ombe alichokikataa kilikwenda shinani mwa mgomba,
na mgomba haukuwahi kukataa kitu.
Siku ya kwanza kuja kwangu mjini
alisimama na ganda mkononi, katikati ya sakafu ya vigae,
akanitazama kama mgeni asiyeonyeshwa choo.
Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Apaikunda akafungua mkoba,
akatoa mfuko wa kaki, akaumimina kidogo mezani,
juu ya kitambaa cheupe cha Halmashauri.
Cheusi, chepesi, kinachomeguka.
Harufu ikapita safu ya kwanza, ya pili,
harufu ya kihamba baada ya mvua,
na kwa muda hakuna mheshimiwa aliyeshika simu.
Mwenyekiti akakohoa: Ipokelewe kama kielelezo.
Nikaandika: Kielelezo Na. 1, udongo.
"Si udongo," akaniambia, mimi, mbele ya wote.
"Ni maganda ya mwezi wa tatu."
Nikafuta.

Hoja ilirudishwa kwenye Kamati kwa tafakari zaidi.

Kisha chai. Maandazi na ndizi mbivu.
Nakijwa wa usafi akapita na ndoo,
akakusanya maganda thelathini na mawili,
akayatia kwenye pipa lililokwisha kujaa.
Nilihesabu. Sikutumwa.

Kielelezo hakikuwa na jalada.
Nikakipeleka masjala, nikakiweka rafu ya juu, kando ya dirisha,
pale paa linapovuja masika,
nikakibandika namba yake, nikasahau.

Leo Nakijwa amekuja kuniita, hasemi, ananyoosha kidole tu.
Mfuko umepasuka ubavuni.
Kitu cha kijani kimetoa shingo,
kimeinama kuelekea kioo, kuelekea Mawenzi ya asubuhi.
Nyanya, nasema. Boga, anasema Nakijwa.
Majani mawili ya kwanza hudanganya.

Kikao kijacho ni Alhamisi.
Ajenda namba tatu, kama kawaida: Yatokanayo na kikao kilichopita.
Nimelipiga neno hilo, nikaweka nukta pacha,
vidole vikabaki juu ya herufi.

Nimechukua chupa aliyoiacha Mheshimiwa Mrutu mezani,
maji nusu,
nimepanda juu ya kiti.